Moshi hadi Marangu: Safari ya Dazeni Moja

Mji wa Moshi huamka mapema. Mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mawingu yakiwa bado hayajapanda, kilele cha Kibo huonekana cheupe juu ya mapaa ya mabati. Ikifika saa nne mlima umekwisha kujifunika, na mgeni aliyechelewa kitandani huambiwa asubiri jioni. Wakati huo mafundi cherehani wamekwisha kutoa mashine zao kwenye baraza za maduka, wamefuta vumbi na kutia mafuta, na mlio wa kukanyaga umeanza, ambao haunyamazi mpaka jua litue. Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya mlima. Mimi, mwezi wa Juni, nilikuja kwa ajili ya jambo ambalo akina mama hulizungumza kwa sauti ya chini: chupi.

Usilifunge gazeti, mama mpendwa. Vazi hili tunaona haya kulitaja, lakini Maandiko Matakatifu hayakuona haya. Kazi ya kwanza ya kushona inayotajwa katika Biblia, katika Mwanzo sura ya 3, ni ya Adamu na Hawa waliounga majani ya mtini ili wajisitiri. Na katika Kutoka 28:42 makuhani wanaagizwa washonewe vazi la ndani la kitani, la kuanzia kiunoni hadi mapajani. Yaani hata kipimo kimetolewa, kama kwa fundi. Sioni basi kwa nini mama Mkristo aone aibu kuuliza bei ya lastiki.

Dada yangu mkubwa ameolewa Marangu. Binti yake wa pili alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni upande wa Rombo, na shule hufunguliwa Julai. Barua ya maelekezo ilikuja na ile orodha ndefu ambayo kila mzazi anaijua: tranka, godoro, mashuka, ndoo yenye mfuniko, sweta, kandambili, na kuendelea. Dada alikuwa amepata karibu vyote kwa kuuza ndizi na maziwa, na mbele ya kila kimoja alikuwa ameweka alama ya kalamu. Mstari mmoja ulibaki bila alama: nguo za ndani, dazeni moja.

"Dazeni!" akaniambia kwenye simu. "Mdogo wangu, mimi mwenyewe sijapata kuwa na dazeni tangu nizaliwe."

Wala hakuwa akitania. Katika nyumba zetu nyingi nguo ya ndani ndiyo inayonunuliwa mwisho. Tazama Desemba, mabasi ya Dar es Salaam yanapojaa watu wanaopanda kwao Uchagani kwa Krismasi. Kanisani watoto wamevaa gauni za marinda na mashati mapya, na ni mama zao tu wanaojua kilichoko chini yake. Kinachoonekana ndicho kinachonunuliwa. Sisemi hivi kwa kulaumu, maana fedha zikiwa chache macho ya majirani huwa na nguvu sana.

Tulianza kwa kuuliza bei mjini. Kuna chupi za pamba, nzito, zilizoshonwa vizuri, lakini dazeni ya hizo ingekula fedha yote iliyobaki, pamoja na nauli ya kwenda Rombo. Kuna za nailoni zinazouzwa kwa pakiti, rahisi, zenye maua ya kupendeza. Hizo ukizifua mara chache lastiki inalegea, na tena kitambaa chake hakinywi jasho. Wauguzi hutushauri kuvaa pamba kwa sababu hiyo hiyo: fangasi hupenda mahali penye joto na unyevu, na nailoni huvifungia vyote viwili ndani. Kisha kuna za aina ya tatu. Hizo hazipangwi juu ya meza. Huvutwa kutoka chini yake, mteja akiuliza kwa upole. Ni za mitumba.

Za mitumba haziruhusiwi. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limepiga marufuku kuingiza na kuuza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, kwa sababu ya afya, na maofisa wake wamekuwa wakipita masokoni kuzikamata. Hata hivyo zinanunuliwa, kwa kuwa nyingi ni za pamba na zinadumu. Mama anayeinama kuchagua pale si mjinga wala hapendi uchafu, ila anajua kilicho mfukoni mwake. Dada aliishika moja, akaigeuza, akairudisha. "Siwezi kumpa mtoto alichovua mtu nisiyemjua," akasema, tukaondoka.

Ndipo tukaenda Memorial. Asiyelijua soko hilo afikirie mji mdogo wa miti na maturubai ambamo nguo zimetundikwa mpaka juu ya kichwa, na katikati ya njia zimemwagwa chini juu ya plastiki, huku vijana wakizitupa hewani na kuimba bei. Asubuhi, belo linapofunguliwa, wenye maduka na wachuuzi hugombania gredi ya kwanza, na mama mwenye fedha kidogo hana nafasi hapo. Sisi tulikwenda alasiri, kutafuta kilichokataliwa: tisheti kubwa mno kwa mtu wa kawaida, zenye doa kifuani, au zenye jina la timu ya mji fulani wa Marekani ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Doa la kifuani halina neno, kwa kuwa sehemu hiyo hukatwa. Tulichotaka ni mgongo mpana na pindo zima.

Dada ana mkono wa sokoni. Alisoma kila lebo ya shingoni akitafuta pamba asilimia 100. Ambayo lebo yake imekatwa aliivuta kwa upana kisha akaiachia. Ikirudi mahali pake ni nzuri, ikibaki imening'inia inarudi chini. Kisha aliinua kitambaa juu kuelekea jua aone kama kimechakaa. Tulipata 6 kwa fedha ambayo asubuhi ile isingetupatia hata chupi 3 za pamba dukani.

Utaniuliza: je, tisheti nayo si mtumba? Ni mtumba. Lakini haikuvaliwa mahali pale, na kitambaa kitupu kinavumilia kuchemshwa na kupigwa pasi ya moto, jambo ambalo chupi yenye lastiki ya zamani haivumilii. Kuhusu mitumba yenyewe kuna maneno mengi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipate nafasi. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya biashara, na mwishowe ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo, ikaadhibiwa mwaka 2018. Mimi ningefurahi kununua kitambaa cha pamba ya Shinyanga kilichofumwa nchini, tena kwa jora. Lakini Julai haingoji viwanda.

Lastiki tulinunua dukani, mpya. "Mangi, lastiki nyembamba ya miguuni mita bei gani?" aliuliza dada. Zamani mangi alikuwa mtawala wa Wachaga, mwenye mashamba na askari. Siku hizi kila mwenye duka ni mangi, awe amezaliwa Kibosho au Kondoa. Tulikuwa tumepiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Binti ana kiuno cha sentimita 72. Lastiki ya kiunoni hukatwa pungufu ya kiuno kwa sentimita 8, yaani 64, na mara 12 inakaribia mita 8. Tundu la mguu lina sentimita 50, na lastiki yake ni 45, miguu 24, hivyo mita 11 za ile nyembamba. Ukiingia dukani na hesabu hii huuziwi kwa kukisia. Tukaongeza uzi mweupe na sindano ya cherehani yenye ncha butu kidogo, maana sindano ya kawaida hutoboa na kukata nyuzi za kitambaa cha tisheti, na baada ya kufua mara mbili unaona vitundu.

Hiace ya Marangu hupita Kiboriloni, ambako nako kuna soko kubwa la mitumba, ikateremka na kupanda kati ya mashamba ya mahindi mpaka Himo. Hapo njia zinaachana: kulia ni Dar es Salaam, mbele ni mpaka wa Holili, kushoto ni mlimani. Ukikunja kushoto, hewa inabadilika kabla hujamaliza kuhesabu abiria. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali lango la kupandia mlima Marangu liko zaidi ya mita 1,800, na vihamba vimejaa katikati ya hapo: migomba, mikahawa chini ya migomba, ng'ombe bandani, na mfongo unaopitisha maji kando ya njia. Kondakta alifunga dirisha. Akina mama wakafungua furushi na kutoa masweta.

Baridi hiyo ndiyo iliyonifundisha kwa nini shule ilitaka dazeni. Jioni ile tulichemsha tisheti zote katika sufuria kubwa, kwenye jiko la kuni, tukazisuuza, tukazianika. Mjini Moshi siku ya jua kitambaa kama hicho kinakauka kabla ya chakula cha mchana. Huku juu, mwezi wa Juni na Julai, ukungu hushuka asubuhi na pengine hauondoki mpaka alasiri. Zilikaa kambani siku mbili, na siku ya pili jioni tulizimalizia juu ya moto. Kwa hiyo hesabu ya nguo za ndani mlimani haiwezi kuwa sawa na ya mjini. Binti mwenye chupi 3 mjini anafua moja, anavaa moja, moja iko akiba. Akiwa nazo 3 Rombo wakati wa ukungu, siku ya tatu atavaa mbichi.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni la aibu yetu sisi na halitokani na mlima. Wanawake wengi hawazianiki nguo hizi nje. Huzianika nyuma ya mlango, chini ya khanga iliyoanikwa, hata kando ya kitanda, zisionekane na wakwe. Hapo hazikauki vizuri, na huvundika. Jua ni dawa ya bure, na pasi ya moto siku ya ukungu hufanya nusu ya kazi yake. Dada alifunga kamba fupi nyuma ya banda la ng'ombe, upande ambao jua hufika kwanza, akaning'iniza mkeka mbele yake. Baba mwenye nyumba akapita, akaona mkeka, akauliza unaota nini pale. Hakuna aliyemjibu.

Kushona kwenyewe hakukutushinda. Tulichukua chupi moja kuukuu ya binti, iliyomkaa vizuri, tukaifumua mishono yote, tukaipiga pasi. Ikatoa vipande vitatu: mbele, nyuma, na kile cha katikati ya miguu, ambacho huwa mara mbili. Tukavichora juu ya gazeti, tukaongeza sentimita moja pande zote za mshono. Jambo la kuangalia sana ni mvuto wa kitambaa: upande unaovutika zaidi lazima uzunguke kiuno, usiende juu na chini. Ukikosea hapo vazi halipandi mapajani.

Kuna ujanja ambao dada aliujua tangu zamani na ambao nimeupenda. Tisheti ina pindo lake la chini lililokwisha kushonwa kiwandani. Ukilaza kiolezo kiuno kikae juu ya pindo hilo, umepata njia ya lastiki bila kushona. Unatoboa mahali pamoja kwa ndani, unapitisha lastiki kwa pini, unaunga ncha zake, basi. Tisheti moja kubwa hutoa chupi mbili, moja mgongoni na moja kifuani chini ya doa, na mikono yake hutoa vipande vya katikati.

Cherehani ya dada ni Butterfly ya kukanyaga, inayoshona mshono ulionyooka tu. Mshono huo hukatika kitambaa kikivutwa. Dawa yake ni kufupisha hatua ya sindano, kukivuta kitambaa kidogo kwa mikono miwili kinapopita, na kushona mara mbili, mstari kando ya mstari. Asiye na cherehani ashone kwa mkono kwa kurudisha sindano nyuma kila hatua. Ni polepole, lakini unavutika. Na aliye karibu na mji anaweza kukata nyumbani, kisha akawapelekea mafundi wa barazani wenye mashine ya ovaloki wampitishie kingo kwa malipo madogo. Lastiki ya miguuni ndiyo kazi yenye kuchosha. Igawanye sehemu nne kwa pini, na tundu vivyo hivyo, kisha shona pini hadi pini ukiivuta lastiki peke yake. Chupi ya kwanza ilituchukua jioni nzima. Kuanzia ya nne tulikuwa tunashona tukizungumza.

Mama mkwe wa dada alikaa karibu na moto akitutazama. Nilipomwamkia, "Shikamoo mama," aliitikia, kisha akasema kwamba tunafanya kama uvumbuzi jambo ambalo wao walilifanya kwa shida. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, na haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka hiyo ya mwanzo wa themanini maduka yalikuwa matupu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, kitambaa kwa foleni, na waliothubutu walivuka Holili usiku kwenda Taveta. "Sisi tulishona kwa mifuko ya kitambaa ya unga wa ngano," alisema. "Unaifua mpaka maandishi yafifie. Na yasipofifia, nani atayasoma?" Tulicheka mpaka sindano ikaanguka. Kushona alikuwa amefundishwa misheni akiwa msichana, kama wengi wa rika lake hapa mlimani, taraza na pindo la mkono, na alipoomba aone mshono wetu aliukagua kama mwalimu. Alisema kwa kitambaa kisichovutika, kama shuka au khanga kuukuu, ni lazima kukata mshazari, kona kwa kona, ndipo kitaufuata mwili. Nilijaribu kwa kipande cha shuka, na ni kweli.

Siku ya tatu alikuja binti wa jirani, wa darasa la sita. Shule zilikuwa likizo. Aliamkia kila mtu, akakaa kwenye kigoda, akazitazama zile zilizokwisha kupangwa juu ya meza. Dada akamuuliza kwa nini mwezi uliopita alikuwa hamwoni akipita kwenda shule. Mtoto alinyamaza. Baadaye, sisi watatu tulipobaki peke yetu, akasema mwalimu wao wa kike alikuwa amempa pakiti ya pedi.

"Pedi ninazo, mama mkubwa," akamwambia dada. "Sina cha kuiwekea."

Nimesoma mengi juu ya pedi. Nakumbuka serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka madukani, na mabishano yaliyofuata. Sikuwahi kusikia katika mabishano hayo mtu akiuliza pedi inashikwa na nini. Mtoto yule alikuwa na chupi moja, iliyolegea, na siku zake zilipoangukia wakati wa ukungu alibaki nyumbani. Pedi ya dukani au ya kitambaa ya kufua, zote zinahitaji nguo inayobana vizuri, yenye kipande cha katikati kipana sentimita 7 hivi. Ikiwa pana kuliko hapo inajikunja, ikiwa nyembamba pedi inahama. Na zinahitajika angalau 4 au 5, maana siku hizo mtoto hubadilisha zaidi ya mara moja.

Binti wa dada alisikia yote akiwa jikoni. Hakutuuliza. Alizihesabu zake, akachukua mbili zenye kiuno kidogo, akazipunguza lastiki mwenyewe, akazifunga katika kipande cha gazeti na kumpa mwenzake mlangoni, kama mtu anayerudisha kitabu alichoazima.

Alikwenda Rombo na 10. Dada aliweka alama ya kalamu mbele ya mstari ule wa mwisho, akaandika tarakimu kando yake ili asije akaambiwa amedanganya. Asubuhi niliyoondoka ukungu ulikuwa mzito hata banda la ng'ombe halikuonekana, na jikoni tisheti nyingine 4 zilikuwa zinachemka. Mbili ni za kumalizia za mtoto wa jirani, na mbili ziliombwa na mama mmoja wa kwaya aliyesema anataka kujaribu tu. Niliagizwa nikipita Memorial nitume lastiki nyembamba, mita 9, na nisikubali ile ya rangi nyeusi kwa sababu inachuja.